Mafuta ya ufuta ya maduka ya Wachina: yapi ununue, yapi uyaache hukohuko kwenye shelfu

Tangu niposti zile tambi za Kichina, inbox yangu imejaa mafuta ya ufuta tu. Dada mmoja wa Tabata kanunua chupa ya lita nzima, kamimina kwenye kikaango kama anamimina mafuta ya kupikia ya Korie, kakaangia samaki, nyumba nzima moshi na samaki wachungu, sasa anauliza kama kauziwa feki. Mwingine yeye kaweka vijiko vitatu vikubwa kwenye mchicha na hasikii kitu, si harufu si ladha.

Huyo wa kwanza mafuta yake huenda hayana shida kabisa. Haya ya Wachina, Wajapani na Wakorea yanakamuliwa kwenye ufuta uliokaangwa kwanza, ndo maana yana rangi ya kahawia na ukifungua kizibo jirani anajua. Ukiyapiga moto mkali ile harufu inakufa na kinachobaki ni uchungu. Ni mafuta ya kumalizia: unaepua sufuria, unadondoshea kijiko kidogo cha chai, unageuza, basi. Kukaangia kaangia mafuta yako ya siku zote.

Huyo wa pili ndo kanikera, yani si yeye, chupa yake. Kanitumia picha. Mbele kuna mbegu za ufuta zimechorwa zinang'aa, nyuma kuna stika nyeupe ya muagizaji imebandikwa juu kabisa ya sehemu ya viambato, na kwenye stika kiambato kimoja tu, mafuta ya ufuta.

Jamani sitaongelea tarehe ya kuisha wala chupa ya kioo na ya plastiki, hayo mnayajua na kila mtu anayaandika. Mimi ugomvi wangu ni STIKA. Maana mafuta mengi ya ufuta yanayouzwa ni mchanganyiko, wanachukua ufuta kidogo wanaongezea mafuta ya soya ambayo hayana harufu wala bei, na kiwandani wenyewe hawafichi, wameandika vizuri tu kwa Kichina, anayeficha ni stika iliyobandikwa huku kwetu. Kuna duka moja nilikwangua na ukucha pale pale, muuzaji ananiangalia tu, chini yake soya imetajwa ya kwanza! Na kwenye viambato kinachotajwa kwanza ndo kingi. Nikarudisha chupa, yule kaka wa kaunta ananiambia "dada, zote ni sawa." Sawa wapi?

Kwahiyo piga screenshot hapa uende nayo dukani. 芝麻 ni ufuta. 大豆油 ni mafuta ya soya. 调和油 ni mafuta yaliyochanganywa. Ukiona hayo mawili ya mwisho popote kwenye chupa rudisha, labda kama bei yake ni ya mafuta ya soya, na haijawahi kuwa.

Na kama stika haibanduki, piga hesabu. Mbegu ya ufuta karibu nusu ya uzito wake ndo mafuta, na mashine haiwezi kuyatoa yote, maana yake lita moja ya ufuta mtupu imekula zaidi ya kilo mbili za mbegu, bado hujaweka kukaanga, chupa, meli na ushuru. Ulizia bei ya kilo ya ufuta Kariakoo, zidisha mara mbili. Ukiona lita inauzwa chini ya hapo ujue kuna mtu mwingine humo ndani.

Haya, upangaji wangu.

Namba moja ni Kadoya na sina aibu kusema naipendelea. Ni ya Kijapani, kampuni ya kisiwa cha Shodoshima, wapo kwenye kazi hii tangu 1858, na ile chupa yao ya kawaida ya kahawia iliyokolea ni ufuta peke yake. Ndani ya maduka ya Wachina huwa inakaa pembeni na vitu vya Kijapani, karibu na zile karatasi za mwani, usiitafute kwenye mafuta ya kupikia hutaiona. Nusu kijiko cha chai kwenye wali wa jana uliokaangwa na yai inatosha sahani mbili. Kwenye tembele la nazi usiweke, nazi na ufuta vinagombana, ila tembele lililochemshwa na chumvi tu ukalikamua maji, ukaweka kitunguu swaumu kibichi kilichosagwa, soya sosi kidogo na haya mafuta, utanishukuru. Matango pia, yaponde na ubapa wa kisu usiyakate slesi, chumvi, yaache yatoe maji, mwaga hayo maji, siki, pilipili, af mafuta mwishoni. Ni ghali, noti ya elfu kumi usitegemee irudi na chenji, lakini ile chupa ndogo ya mililita 163 inadumu kwasababu unadondosha, humimini.

Namba mbili ni Lee Kum Kee, hawa ni wale wa sosi ya chaza, walianzia Guangdong 1888. Hapa uwe makini maana wanatengeneza ya ufuta mtupu na ya mchanganyiko, na kwa haraka haraka utabeba isiyo yenyewe. Chukua ya ufuta mtupu. Harufu yake naona iko chini ya Kadoya kidogo, lakini inapatikana kirahisi zaidi na kwa tambi za supu haina tatizo lolote.

Ottogi ya Wakorea ningeiweka namba mbili kama ingekuwa inapatikana. Wakorea wanaipenda harufu, wanaweka karibu kila mboga, na mafuta yao yanaonyesha. Ukibahatika kuiona Masaki au Mikocheni beba.

Halafu kuna ya Wahindi, Idhayam ya Tamil Nadu, ukiingia maduka ya Kisutu ulizia (najua Wahindi wa Kisutu ni wenyeji wa mji huu kuliko wengi wetu, ila bidhaa ndo zinakuja toka kwao). Haya ni mafuta tofauti, siyapangi na hayo mengine. Ufuta wake haukaangwi hivyo, rangi ni ya dhahabu, harufu ya upole, na haya sasa ndo unaweza kukaangia na kutengenezea achari. Dada wa Tabata, haya ndo ulikuwa unayatafuta.

Zile chupa za plastiki za bei chee zisizo na jina la kueleweka, mimi siziongelei, nunua kwa ajili ya mlango unaolia.

Sasa niseme kinachoniuma. Ufuta unalimwa Lindi na Mtwara, kila msimu tunasikia minada ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), stakabadhi ghalani, kilo zimeenda bei gani, na wanunuzi wakubwa wa ufuta wetu wapo Wachina na Wajapani. Sawa wanunue, mkulima apate hela. Ila mbegu inatoka Nachingwea inapanda meli, inakaangwa, inakamuliwa, inarudi ndani ya kachupa kadogo kamewekwa stika, na mimi nakanunua Dar kwa hela nyingi. Na hata bei yenyewe haiandikwi! Unauliza, wanakuangalia viatu kwanza, wiki ijayo chupa ile ile shelfu ile ile imepanda, ukiuliza unaambiwa dola imepanda. Dola ikishuka bei haishuki, hiyo hawaisemi.

Mafuta ya ufuta ya hapa nyumbani yapo, ila ninayoyaona mimi karibu yote ni yale mabichi ya kupaka watoto na nywele. Kama kuna mtu Lindi, Mtwara, popote, anakaanga ufuta kwanza ndo anakamua, niandikieni jina la bidhaa hapo chini, nitanunua kwa hela yangu na nitayaweka mezani na Kadoya tuone.