Kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku: uzoefu wangu

Kwangu kundi hili lina nyota 4 kati ya 5. Moja imeliwa na matangazo.

Wingi wa watu usikuzuzue. WhatsApp inaruhusu hadi wanachama 1,024, lakini wanaojibu kwa kujua ni wachache, na utawapata au kuwakosa kulingana na unavyouliza. "Wakuu, kuku wanakufa, msaada" huleta majibu ishirini na dawa ishirini. Weka yote katika ujumbe mmoja: aina (broila, wa mayai, chotara), umri kwa siku, idadi yao, wangapi wamekufa na tangu lini, chanjo walizopata na tarehe zake, maranda ni makavu au yameloa. Kisha picha ya kinyesi, mchana, juu ya karatasi nyeupe, nje ya banda. Chini ya taa nyekundu ya joto kila kinyesi huonekana kina damu, na mtu atakuandikia amprolium, dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo), papo hapo, kumbe ni Gumboro, ugonjwa wa virusi.

Mada iliyonifaa kuliko zote ni ile ya kwa nini kuku waliochanjwa kideri (Newcastle) bado wanakufa. Mara nyingi kosa ni maji. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo. Tumia ya kisima au ya mvua, koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita kabla ya kutia chanjo, wanyime kuku maji saa moja au mbili, kisha wamalize yale ya chanjo ndani ya saa mbili. Vyombo visioshwe kwa sabuni. Kwa kuku wachache wa kienyeji, wenyeji wa kundi wanashauri chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Hilo nami naliunga mkono.

Ugeni huisha kwa mrejesho. Anayerudi kusema "nilibadilisha maranda, vifo vimekoma" au "dawa ile haikusaidia kitu" hujibiwa haraka safari nyingine. Anayechukua jibu na kupotea huulizwa na admin yuko wapi.

Kasoro zipo. Kila siku kuna anayependekeza antibayotiki kwa kideri, ugonjwa wa virusi usiotibika kwa dawa hizo. Muulize afisa mifugo wa kata kabla ya kununua chochote. Zima pia upakuaji wa picha na video wa otomatiki, vinginevyo bando na nafasi ya simu vinakwisha.

Wauzaji wa vifaranga nao hukufuata inboksi mara tu unapoandika. Warudishe kundini, uliza mbele ya watu: wameanguliwa wapi, tarehe gani, na kama ni wa mayai, wamechanjwa dhidi ya Marek (ugonjwa wa virusi) siku ya kwanza? Hela usitume kabla boksi halijafunguliwa na vifaranga kuhesabiwa.