Volkswagen California ya kukodi: tathmini ya gari la kambi katika tamasha la WOMAD

Anayekodi gari la kambi, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, kwa ajili ya tamasha la muziki anakodi nyumba kuliko anavyokodi gari. Litasafiri saa chache, kisha litaegeshwa shambani tangu Alhamisi hadi Jumatatu asubuhi, na katika muda huo wote hakuna atakayeuliza lina nguvu kiasi gani mlimani. Waliomo ndani watauliza kama kuna maji, kama chai iko tayari na kama godoro ni kavu. Kwa hiyo, katika kuipima Volkswagen California T6.1, toleo la Ocean, ambayo familia yetu iliikodi hapa Uingereza kwenda nayo WOMAD enzi tamasha hilo likifanyika Charlton Park, Wiltshire, nimeyaweka mbele maisha ya gari lililosimama. Hapo ndipo California ilipotupendeza sana, na hapo hapo ndipo ilipopungua.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Zamani mimi na mke wangu tulikuwa tukilala kwenye hema bila manung'uniko, lakini mama amefika umri ambao mtu hawezi kumwambia atambae kuingia malaloni, wala alale juu ya ardhi ambayo hata mwezi wa Julai hutoa baridi usiku. Kumwacha nyumbani nako hakukuwa na maana, kwa sababu WOMAD ni tamasha la muziki wa dunia nzima. Peter Gabriel na wenzake waliliasisi shirika lake mwaka 1980, tamasha la kwanza likafanyika Shepton Mallet mwaka 1982, na lebo dada ya muziki ya Real World ndiyo iliyotoa albamu za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Tanzania, na, mwaka 2024, ile ya Zawose Queens, wanawake wa ukoo huo huo. Mama, ambaye nyumbani kwake redio haizimwi, alistahili kuwapo, tena kuwapo kwa starehe.

California ina urefu wa mita 4.9 hivi na kimo cha sentimita 199 paa likiwa limefungwa. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aikumbuke Hiace ya abiria, kisha aondoe viti vya kati na kupanga kabati, jiko na friji upande mmoja, akibakiza njia ya kupita na kiti kirefu cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda. Kimo hicho kina faida isiyotajwa sana, nayo ni kwamba gari linapita chini ya vizuizi vya mita 2 vilivyowekwa kwenye maegesho mengi ya maduka, jambo ambalo magari makubwa ya kambi hayawezi, kwa hiyo tuliweza kusimama njiani kununua mchele, nyama na maji. Uzito wake uko chini ya kilo 3,500, hivyo leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha. Safari yenyewe, kwa barabara ya M4 hadi makutano ya 17 na kisha A429 kuelekea Malmesbury, haina la kusimuliwa.

Kilichonivutia zaidi ni namna nafasi ilivyotumiwa. Viti viwili vya mbele vinazunguka vikatazama nyuma, meza imefichwa ndani ya mlango wa pembeni, na viti viwili vya kukunja vimehifadhiwa ndani ya mlango wa nyuma, kila kimoja katika mfuko wake. Asubuhi ya kwanza mke wangu alikigeuza kiti cha abiria, mama akakaa humo na kanga yake mabegani, kikombe cha chai ya maziwa mezani, mlango umefunguliwa nusu. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka na vijana wakipita na buti za mpira zilizopakaa tope hadi magotini. "Mwanangu," aliniambia, "hapa mimi nimefika." Sina sifa kubwa kuliko hiyo kwa gari hili.

Kwa watu wa malezi yetu, hata hivyo, jambo la kwanza kupimwa ni stara. Mkwe na mama mkwe watalalaje ndani ya chumba kimoja kisichofika mita tano? California inalijibu swali hilo vizuri kuliko nilivyotarajia. Paa huinuka kwa kubonyeza kitufe na kufungua kitanda cha juu chenye urefu wa sentimita 200 na upana wa 120, ambacho mtu hukipandia kupitia uwazi ulio juu ya viti vya mbele, na ubao wa kitanda hicho huwa dari kamili kwa waliolala chini. Mimi na binti tulilala juu, mama na mke wangu wakalala chini, kila upande haumwoni mwenzake. Madirisha yote yana mapazia mazito, na wakati wa kubadili nguo wanaume hutoka nje, kama ambavyo wangetoka katika nyumba yoyote ya chumba kimoja. Anayesafiri na wakwe asikubali gari ambalo vitanda vyake vyote viko chini, hata kama bei yake inashawishi.

Kitanda cha juu kina kasoro mbili. Kuta zake ni za kitambaa, kwa hiyo baridi hupenya alfajiri, na ngoma za mbali husikika kana kwamba mpigaji yuko kwenye gari la jirani, mpaka majukwaa yanyamaze. Mtoto hakujali, mimi nilijali kidogo. Kitanda cha chini kina upana wa sentimita 114 tu, na watu wazima wawili hulazimika kugeuka kwa kupeana zamu, ijapokuwa godoro ni imara na mgongo wa mama haukulalamika. Kwa kuwa shamba halina sakafu ya usawa, ni lazima kuomba kabari za kuweka chini ya magurudumu, kwani bila hizo mlalaji hujikuta kaegemea ukuta usiku kucha.

Jiko ni la gesi, la plate mbili, pamoja na sinki na friji ya lita 42 inayofunguka kwa juu. Plate mbili zinatosha kabisa kwa familia yenye mpangilio: sufuria ya wali upande mmoja, mchuzi upande wa pili, chai ikitangulia vyote. Kukaanga ni habari nyingine. Moshi wa mafuta ukishaingia katika mapazia na kitambaa cha paa hautoki kwa wiki nzima, kwa hiyo chapati tulizichoma nje, chini ya turubai la pembeni linalovutwa kutoka ubavuni mwa gari, kwa jiko dogo tulilolileta wenyewe baada ya kusoma kanuni za tamasha kuhusu moto na mitungi. Chakula cha kununua viwanjani ni ghali kwa watu wanne, na mama hula nyama iliyochinjwa kihalali tu. Kuwa na jiko lako ni nusu ya sababu ya kukodi gari la namna hii. Tulichoacha jiko kwa ajili yake ni hema la Taste the World, ambako wanamuziki hupika vyakula vya kwao mbele ya watu huku wakipiga na kuimba. Mama alisimama pale mpaka sufuria ikafunuliwa.

Hapa naomba niseme jambo zito. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari wala chini ya turubai lililofungwa, hata likionekana limezimika, na jiko la gesi lisitumiwe kupasha gari joto. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini, na kila mwenye gari la kambi hapa Uingereza anaufahamu msiba wa aina hiyo. California ina kipasha joto chake kinachotumia dizeli, chenye bomba la kutolea moshi nje. Usiku wa baridi washa hicho. Kabla ya kuondoka kwenye yadi, hakikisha pia king'ora cha kaboni monoksidi kimo na kinalia kinapobonyezwa.

Upungufu mkubwa wa gari ni umeme, na kampuni iliyotukodisha haikutusaidia vya kutosha. California hii ina betri mbili za ziada zenye ampea-saa (kipimo cha umeme uliohifadhiwa) 75 kila moja, jumla 150, na betri za aina hiyo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo kinachotumika kwa kweli ni 75 hivi. Friji ya kompresa wakati wa kiangazi hula wastani wa takriban ampea-saa mbili kila saa. Ukipiga hesabu unapata siku moja na nusu, bila kutaja taa, pampu ya maji na simu za watu wanne. Gari linaloendeshwa kila siku halioni tatizo hilo, kwani injini hujaza betri njiani, lakini gari lililofungiwa shambani kwa siku za tamasha, katika uwanja usio na umeme wa kuchomeka, litaliona tu. Betri za gari letu zilionyesha uchovu mapema zaidi ya hesabu hiyo. Nilipopiga simu, kampuni ilijibu haraka na kwa adabu, ila jibu lenyewe lilikuwa kwamba niwashe injini gari likiwa limesimama. Kuunguruma na kutoa moshi katikati ya familia zilizolala si jibu la kumpa mtu aliyekwisha kukueleza anakwenda wapi. Tuliizima friji usiku, tukaigeuza kuwa sanduku la barafu, na nyama tukaipika yote mapema.

Maji yalikwenda vizuri zaidi. Tangi ni la lita 30, na lile la maji machafu ni la kiasi hicho hicho; kwa watu wanne wanaopika na kutia udhu, lita 30 hazimalizi siku. Tulibeba madumu mawili na kuyajaza kwenye bomba la uwanjani kila asubuhi, tukaliacha tangi la gari kwa vyombo na kunawa mikono. Gari halina choo. Kampuni hukodisha choo cha kubebeka kwa malipo ya ziada, na namsihi kila anayesafiri na mzee au mtoto akilipie bila kujiuliza, kwa sababu vyoo vya tamasha havina maji, viko mbali, na usiku wa manane njia ni ya giza na utelezi. Nacho humwagwa mahali palipotengwa tu. Kopo halikosekani katika safari kama hii.

Katika mambo mengine kampuni ilistahili pesa yake. Aliyetukabidhi gari hakuwa na haraka; alituonyesha kufungua na kufunga paa, kubadilisha mtungi wa gesi na mahali ilipo pete ya kuvutia gari. Pete hiyo si mapambo: mwaka 2007, mwaka wa kwanza wa WOMAD hapo Charlton Park, mvua kubwa za Julai ziliyageuza mashamba kuwa matope, na katika hali hiyo gari linalovutwa na magurudumu ya mbele peke yake hutolewa na trekta. Anayeweza kupata California yenye magurudumu manne ya kuvuta na alipe tofauti. Bei ya kukodi gari la daraja hili wakati wa kiangazi huwa zaidi ya pauni 100 kwa siku, kuna dhamana inayozuiwa kwenye kadi, na tiketi ya gari hununuliwa mbali na tiketi za watu. Vijana wawili wenye afya waokoe pesa zao walale kwenye hema. Kwa familia iliyo na mzee, ni gharama ya haki.

Waswahili wanaoishi hapa waangalie leseni kwanza. Leseni ya Tanzania au Kenya inamruhusu mkazi mpya kuendesha kwa miezi 12 tu, haibadilishwi kuwa ya Uingereza bila mtihani, na kampuni nyingi za magari ya kambi huweka masharti makali zaidi ya umri na uzoefu kwa ajili ya bima. Anayechukua gari London aulize pia kuhusu tozo ya hewa chafu, ambayo tangu Agosti 2023 inahusu mitaa yote ya jiji: California ya T6.1 haitozwi, lakini magari mengi ya dizeli ya zamani hulipa pauni 12.50 kwa kila siku yanayotembea humo.

Charlton Park ilimaliza zamu yake mwaka 2024, na WOMAD ikatangaza kuhamia Neston Park, katika Wiltshire hiyo hiyo, si mbali na kijiji cha Box zilipo studio za Real World. Tuliporudisha gari, kampuni ilizipima betri mbele yangu, ikakubali kwamba moja imechoka, ikarudisha sehemu ya malipo na kusema inafikiria kuweka paneli ya sola juu ya paa. Ikiwekwa, nitaikodi California hii tena bila kutafuta nyingine. Isipowekwa, nitakwenda kwa kampuni nyingine yenye gari lile lile na sola, na choo cha kubebeka nitakilipia siku hiyo hiyo ya kuweka oda.