Uzoefu wangu: shule ya Montessori isiyombana mtoto, je, inafaa?

Mwanangu yuko darasa la tatu kwenye shule ndogo ya mfumo wa Montessori hapa Dar, yaani mtoto anachagua kazi, anajifunza kwa vifaa vya kushika na kwenda kwa kasi yake. Hakuna majaribio ya kila Ijumaa, kupangwa namba wala tuisheni ya jioni. Asubuhi watoto wa miaka 6 hadi 9 wanakaa chumba kimoja, kila mmoja na kazi yake mkekani, na kengele haiwakatishi.

Hisabati ndiko shule hii inakong'ara. Kuna shanga: punje ni moja, kijiti ni kumi, bapa la mraba ni mia, mchemraba ni elfu. Akijumlisha 1,347 na 2,586 mtoto anakusanya punje 13, anapeleka 10 "benki" (penye shanga za akiba) na kurudi na kijiti kimoja. Kwa hiyo akiandika 3 na kupeleka 1 kwenye makumi, anajua ile 1 ni nini. Wengi wa shule za mbio za mitihani wanaijua kanuni tu, na namba zikiwa na sifuri katikati wanakwama.

Kusoma kunahitaji jicho la mzazi. Mtoto akiruhusiwa kuchagua, anayeogopa kusoma atakikwepa kitabu wiki nzima, na mwalimu asiyeweka kumbukumbu hatagundua. Kabla ya kulipa ada, omba kuona daftari la mwalimu: jina la mtoto, somo alilooneshwa, tarehe, amefikia wapi. Halafu angalia vifaa. Vikiwa vimefungiwa kabatini, vinang'aa kama vya dukani, hiyo ni Montessori ya kwenye bango tu.

Tatizo kubwa ni kasi. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne haumsubiri mtu, na mtoto aliyezoea kumaliza kwa muda wake anaacha maswali ya mwisho wazi ilhali anayajua. Dawa yake ni ndogo: kuanzia darasa la tatu, mara moja kwa wiki, dakika 30 za maswali ya mitihani iliyopita, saa ikiwa mezani. Mfundishe kuruka swali gumu na kulirudia. Akifika madarasa ya juu aongeze zoezi la kusiliba, yaani kutia weusi herufi ya jibu kwenye fomu, kwa penseli ya HB, kwa sababu akiruka swali bila kuruka mstari kwenye fomu, majibu yote yanayofuata yanahama. Zaidi ya hapo utakuwa umerudisha presha nyumbani, na ada utakuwa umeitupa.

Mtoto anayeumwa tumbo kila siku ya mtihani ningempeleka huku bila kusita. Ila kama mpango wako ni kumhamishia shule ya ushindani darasa la tano, fikiria mara mbili: usaili wao ni wa karatasi na saa, na Kiingereza chao kina msamiati wa mitihani ambao huku hawaukazanii.