Simu yake inasoma, skana ya kaunta haisomi: yaliyonipata na lebo za asali

Kwa watayarishaji wadogo wanaotafuta mahali pa kuchapishiwa lebo zenye bakodi jijini Dar es Salaam, nianze kwa haki: duka hili la Kariakoo, ambalo silitaji jina kwa kuwa suala letu la fedha halijaisha, lina mashine nzuri, rangi zisizochujuka na gundi isiyobanduka hata chupa ikikaa ndani ya jokofu. Ningekuwa ninauza mapambo, ningewasifu mpaka mwisho wa ukurasa. Bahati mbaya ninauza asali, na asali yangu inapaswa kupita kwenye kaunta ya supamaketi.

Namba za bakodi sikuwaomba wao. Tulijisajili GS1 Tanzania, ofisi inayotoa namba hizo nchini, kwa utaratibu wake, tukapata namba zetu zinazoanza na 620, na faili la mistari niliwapelekea likiwa tayari, mistari myeusi juu ya weupe, na nafasi tupu imeachwa kushoto na kulia. Sampuli waliyonionyesha kabla ya kuchapa ilikuwa hivyohivyo, nikaikubali. Baada ya hapo msanifu wao, kijana mwenye jicho zuri la rangi, sikatai, aliona weusi ule unaharibu sura ya lebo ya dhahabu. Akaigeuza mistari kuwa ya kahawia iliyoelekea wekundu, akakiondoa kisanduku cheupe ili dhahabu ipite nyuma yake, na akakifuta kialama kidogo cha > kilichokuwa upande wa kulia baada ya tarakimu ya mwisho, eti ni uchafu wa faili. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Mzigo wote ulichapwa hivyo.

Siku ya kupeleka bidhaa, keshia aliipitisha chupa juu ya skana, akaigeuza, akaifuta kwa kitambaa, akaipitisha tena, huku foleni ikianza kunung'unika. Alipoiandika namba kwa mkono, asali yangu ilitokea kwenye skrini na bei yake. Namba, basi, haikuwa na kasoro. Hata tarakimu ya mwisho, ile ya kupimia kama zilizotangulia ni sahihi, nilikuwa nimeihakiki mwenyewe, kwa kuzizidisha tarakimu kumi na mbili za mwanzo kwa 1 na 3 kwa zamu kutoka kushoto, kuzijumlisha, na kutafuta kinachopungua kufikia kumi inayofuata. Mpokea mizigo akaniambia kwa upole kwamba hawezi kupokea kitu ambacho kila mteja atakisubiri kiandikwe kwa mkono. Nilirudi na katoni zangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilipoirudisha chupa dukani, msanifu hakuinuka kitini. Alichomoa simu yake, akaielekeza kwenye lebo, ikalia, akawageukia wateja wengine na kusema, “Mbona simu yangu inasoma, mama? Mwambie mwenye supamaketi anunue mashine mpya.” Wakacheka. Mwenye duka, badala ya kumkanya, akaongeza nadharia yake kwamba supamaketi hupenda bidhaa za nje, na mashine ikiona 620 inajua ni mali ya hapa. Upuuzi mtupu! Hizo 620 zinaonyesha tu namba ilitolewa kupitia ofisi ya nchi gani. Hazisemi hata bidhaa yenyewe ilitengenezewa wapi, na skana haina upendeleo wa uraia.

Simu hupiga picha nzima yenye rangi zake, kisha programu hutafuta mistari ndani ya picha hiyo. Skana ya kaunta ile humulika kwa mwanga mwekundu na kupima mwanga unaorudi. Kahawia yenye wekundu huurudisha mwanga huo karibu sawa na dhahabu iliyo nyuma yake, hivyo kwa mashine lebo yangu ilikuwa ukurasa mtupu. Nafasi tupu za pembeni nazo si pambo, kwani ndizo zinazoiambia skana mistari inaanzia wapi na kuishia wapi, na kile kialama cha > huwekwa ili mtu kama msanifu huyu asijaze kitu upande wa kulia. Nilipoyaeleza haya, alinipendekezea tuchape QR, ule msimbo wa mraba wenye vidoti, badala yake, wakati skana ya leza iliyopo pale haisomi chochote isipokuwa mistari.

Nilitaka kusema labda kijana hakufundishwa. Nilikuwa hata nimeanza kumwonea huruma, kwa sababu jambo moja alilifanya vizuri kuliko wengi: chupa yangu ni nyembamba na ya duara, naye aliilaza mistari kama vidaraja vya ngazi ili mkunjo wa chupa usiipinde. Hilo halifanywi na asiyejua kazi. Lakini kadiri ninavyolifikiria, ndivyo linavyonikasirisha zaidi, maana anayejua mkunjo wa chupa unavyoisumbua skana hawezi kuniambia hajui habari ya rangi. Alijua, akachagua urembo, kisha akanicheka.

Nilikuwa nimewapa nyota tatu, mbili za uchapaji na moja ya gundi. Juzi wakanitumia ujumbe wa kuomba radhi, wakiahidi kuchapa upya kwa nusu bei, na nikakaribia kukubali. Sampuli mpya imefika: mistari ni myeusi, kisanduku ni cheupe, na upande wa kulia wamekikata sambamba kabisa na mstari wa mwisho, bila nafasi wala kialama. Nimeondoa nyota zote, pamoja na ile ya gundi, na ninataka fedha yangu kamili, si nusu.