Chuo chenye jina au chuo kidogo? Nilivyovipima viwili kabla ya kwenda kusoma baiolojia

Nilikuwa na barua mbili za kukubaliwa na wiki tatu za kujibu. Zote shahada ya baiolojia, miaka ile ile, na ukisoma orodha ya kozi kwenye karatasi unaona zinafanana kama mapacha. Kimoja ni chuo kikubwa chenye jina, ukimtajia mtu anakwambia hapo unauliza nini tena. Kingine kidogo, wengi hata hawajui kama kina idara ya baiolojia. Sasa hivi niko mwaka wa tatu kwenye hicho kidogo, na kila msimu wa maombi wadogo zangu wananiuliza maswali yale yale, kwa hiyo naandika yote mara moja.

Nianze na kikubwa maana nilienda pale kichwani nimeshakichagua. Kiukweli kina vitu. Maktaba iko wazi mpaka usiku, wahadhiri wanachapisha tafiti kila mwaka, na kuna maabara ina mashine za kusoma DNA ambazo sisi wengi tunaziona kwenye picha tu. Nikaomba nionyeshwe maabara ya mwaka wa kwanza, wakanipitisha tena ile ya utafiti. Nikaomba tena, ndo tukashuka chini. Praktiko ni mara moja kila wiki mbili, masaa mawili, makundi ya watu wanane kwa hadubini moja. We piga hesabu, toa dakika arobaini za maelezo ya mwanzo na kusafisha meza, zinabaki themanini, gawa kwa watu wanane, unapata dakika kumi za kuweka jicho pale. Na kama ndo mara yako ya kwanza kushika hadubini, dakika kumi zinaisha bado unahangaika kupata fokasi kwenye lenzi ya 40 (inayokuza mara 40), seli yenyewe hujaiona.

Ila kilichoniamulia mimi ni daftari la praktiko. Kote kuwili nilimwomba mwanafunzi mmoja anionyeshe lake, na huu ndo ushauri wangu mkubwa kwa yeyote anayechagua chuo cha sayansi, omba daftari. Kwenye chuo kikubwa lilikuwa safi mno. Maelekezo yamechapwa yamebandikwa, matokeo nayo yamebandikwa, picha ya jeli (ule utelezi ulioganda unaopitishiwa umeme ili vipande vya DNA vitengane kwa ukubwa) ni ile ile moja, darasa zima limepewa na mhadhiri. Nikamuuliza we mwenyewe ushawahi kuweka sampuli kwenye jeli? Akasema hapana, fundi wa maabara ndo anaweka, sisi tunaangalia. Na alikuwa mwaka wa pili anamalizia.

Kwenye chuo kidogo daftari lilikuwa na madoa ya zambarau kila mahali, ile dawa ya kristali vayoleti ya kupaka bakteria ukifanya Gram, kile kipimo cha kutofautisha bakteria kwa rangi, ikishika karatasi haitoki. Nikafungua ukurasa mmoja nikakuta picha ya jeli tupu, hakuna hata mstari mmoja, chini kaandika kwa peni: nimegeuza nyaya. Nikamwomba anieleze, akanieleza vizuri kuliko kitabu nilichosomea shule. DNA ina chaji hasi sababu ya fosfati zake, kwa hiyo umeme ukiwaka inakimbilia upande chanya, ndo maana vile vishimo vya sampuli unaviweka upande hasi ili isafiri jeli nzima. Yeye alichomeka kinyume, sampuli zikarudi nyuma zikatoka nje ya jeli zikapotelea kwenye bafa, yale maji ya chumvi jeli inapolala, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Mhadhiri hakumpa picha ya mwenzake abandike, alimwambia njoo Alhamisi urudie. Ukurasa unaofuata mistari ipo, vipande vidogo vya DNA vimefika mbali na vikubwa vimebaki karibu na vishimo, na yule dada ananionyesha huku kidole kinafuata mstari mmoja mmoja. Mi hapo nilishajua moyoni naenda wapi, ingawa nilikaa siku mbili zaidi najibishana na watu wa nyumbani.

Hoja yao nyumbani ilikuwa jina, na siidharau. Ila hizi orodha za vyuo bora duniani zinapima zaidi tafiti, yaani machapisho na yamenukuliwa mara ngapi, na sifa ya chuo kwa wasomi wengine. Hazikwambii mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashika pipeti (kile kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo) mara ngapi kwa semista, na kwa shahada ya kwanza ya baiolojia hicho ndo kitu unachokwenda kununua.

Halafu fildi. Kule kikubwa fildi ni safari ya siku moja mwaka wa pili, mnatembea mnaonyeshwa mimea mnarudi. Sisi tunalala huko siku kumi. Mfano mmoja tu, tulikamata konokono 40, kila mmoja tukamwekea nukta ya rangi kwenye gamba, tukawaachia. Baada ya siku kadhaa tukarudi tukakamata 50, kati yao 10 wana nukta. Kwa hiyo moja ya tano ya konokono wa pale wana alama, na tulioweka alama ni 40, basi wote ni kama 200. Tukafurahi, tumehesabu wanyama ambao hatujawaona! Mhadhiri akauliza swali moja, je kama mvua imefuta rangi kwa baadhi yao? Kimya. Ukifikiria, utakamata wachache wenye alama, hesabu itapanda, utaripoti konokono wengi kuliko waliopo. Swali hilo tulilijadili mpaka giza. Takwimu zenyewe tunazifanyia kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu, kuanzia mwaka wa kwanza, kwa data tulizookota wenyewe, wakati kule kikubwa takwimu inafundishwa na idara nyingine kwa mifano ambayo haina kiumbe hai hata mmoja.

Sasa ubaya wa chuo changu, maana upo na mwingine uliniuma. Kwenye orodha ya kozi waliandika parasitolojia (somo la vimelea) na imunolojia (somo la kinga ya mwili), mimi nimekwenda nikizisubiri, nimefika mwaka wa tatu naambiwa parasitolojia haijafundishwa miaka miwili sababu mhadhiri kaondoka na hajapatikana mwingine. Hilo sijawasamehe mpaka leo, wangeliandika wazi. Kwa hiyo usiishie kusoma orodha, uliza ipi imefundishwa MWAKA HUU na nani kaifundisha. Hadubini mbili za meza ya nyuma lenzi ya 40 zina ukungu kwa sababu watu waliziwekea mafuta, na mafuta yale ni ya lenzi ya 100 peke yake, jamani. Majarida ya kisayansi nayo mengi hatuna, unamwandikia mwandishi mwenyewe akutumie makala, wengi wanatuma.

Na kama wewe unajua tangu sasa kwamba unataka jinomu, yaani kusoma DNA yote ya kiumbe, na kazi za kompyuta, na una ujasiri wa kugonga mlango wa profesa ukaomba hata kuosha vyombo vya maabara, nenda chuo kikubwa. Namfahamu mmoja alianza hivyo hivyo mwaka wa pili, sasa hivi anaendesha PCR zake mwenyewe, ile kazi ya kuzidisha nakala za DNA. Tatizo mlango hawafungulii wote, na usipofunguliwa unabaki na zile dakika kumi. Kingine, kama unawaza kufanya kazi maabara ya hospitali, kokote uendako uliza habari ya leseni, maana sehemu nyingi shahada ya baiolojia peke yake haikupi leseni hiyo.

Nilisahau kusema nilivyofika hicho chuo kidogo. Niliwaandikia wote wawili nikiomba ratiba ya praktiko za mwaka wa kwanza. Kikubwa wakanitumia brosha yenye picha za majengo. Kidogo alinijibu fundi wa maabara mwenyewe, akasema njoo Jumanne tuna praktiko ya majani, ukae na wanafunzi. Nikaenda. Wakanipa jani, rangi ya kucha isiyo na rangi na kipande cha selotepu, unapaka upande wa chini wa jani, unasubiri ikauke, unabandua na selotepu unaweka kwenye slaidi. Nikaangalia, nikaona stomata, vile vitundu vya jani kupumulia, vimepangana kama midomo midogo iliyo wazi nusu. Dada wa meza ile akaniambia hesabu, na sisi tunahesabu, tulinganishe. Nikahesabu 31, yeye 33, tukaanza kubishana ile miwili ya ukingoni inaingia au haiingii.