Kichwa cha roboti: Brownie Hawkeye au Zenit-E?

Wanaounda sanamu za roboti kwa kamera kuukuu hubishana daima juu ya kamera ipi iwe kichwa. Brownie Hawkeye ya Kodak, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1949, ni ya bekelaiti, plastiki ngumu ya zamani. Zenit-E ya Kisovieti, ya mwaka 1965, ni bonge la chuma.

Kwa uzito, Brownie inashinda bila jasho: shingo ya springi au miguu ya spana nyembamba inaibeba. Zenit na lenzi yake hukaribia kilo moja, hivyo roboti asipopewa nyayo pana ataanguka kifudifudi.

Kwenye kuunganisha ndipo mambo yanapogeuka. Bekelaiti haiyeyuki, inapasuka. Ukiitoboa kwa pupa, ufa unakimbia hadi pembeni. Mimi hukwaruza kwa msasa na kubandika mikono kwa gundi ya epoksi, tena nikivaa barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Zenit inakubali keekee, bolti na nati. Mkono ukilegea unaukaza tu. Tena tundu la stendi lililo chini yake ni shingo ya bure.

Sura? Kioo cha selenia, yaani kipima mwanga, kilicho juu ya lenzi ya Zenit ni kipaji cha uso tayari.

Kutunza hakutofautiani sana: brashi laini kwa vumbi, na Brownie isikae juani.

Huna keekee, au sanamu itakaa rafuni? Chukua Brownie. Watoto wataishika? Zenit. Ila kamera iliyo nzima mpe mpiga picha; chinja mbovu.