SageMathCell kwa wanaosoma nyuso za Riemann: simu tu inatosha

Kama unasoma nyuso za Riemann (nyuso ambazo kila kipande chake kidogo kinafanana na kipande cha bapa la namba changamano) zile kompakti, yaani zilizojifunga zisizo na kingo, na umechoka kuambiwa "ni rahisi kuona kwamba..." halafu huoni kitu, ingia SageMathCell, tovuti ya kupigia hesabu kwa programu ya Sage. Ni bure, hujisajili, hupakui chochote, unafungua brauza ya simu unaandika amri zako unabonyeza kitufe, hesabu inapigwa kwenye seva yao na jibu linarudi hapohapo. Bando hailiki sana.

Mi naitumia zaidi kwa pointi za Weierstrass. Kwa ambaye hajafika huko: uso wenye matundu g (hiyo g ndo jenasi, tuseme 2 au zaidi) pointi zake karibu zote zina tabia moja, isipokuwa chache ambapo unaweza kupata fankisheni yenye poli (mahali inapolipuka kwenda infiniti) hapo tu na oda yake, yaani kasi ya kulipuka, haizidi g. Hizo chache kila moja ina uzito wake, na ukijumlisha uzito wote lazima upate g³ − g, kwa hiyo jenasi 3 ni 24.

Sasa chukua mkunjo wa Klein, x³y + y³z + z³x = 0, ambao kwa namba changamano ni uso wa Riemann wa jenasi 3. Mkunjo laini wa digrii 4 pointi zake za Weierstrass ni pale tanjenti inapogusa kupita kawaida, na unazikamata pale determinanti ya Hesse (ile ya jedwali la derivativu za pili) inapokuwa sifuri. Kwa mkono utajaza ukurasa na alama za kutoa zitakupotea njiani, hapa ni muda mfupi tu: 54(5x²y²z² − xy⁵ − yz⁵ − zx⁵). Hiyo ya digrii 6 inakutana na mkunjo wa digrii 4 mara 6 × 4 = 24, na pointi zote ziko mbalimbali, uzito 1 kila moja. Kisha andika PSL(2,7).order(), PSL(2,7) ndo kundi la simetri za mkunjo huu (njia za kuupeleka juu yake wenyewe bila kuharibu muundo wake), inakupa 168, yaani 84(g − 1), kikomo alichothibitisha mwanahisabati Hurwitz mwaka 1893, hakuna uso wa jenasi 3 wenye simetri zaidi ya hapo. Na hizo 24 hazijatokea tu jamani: kila simetri ya oda 7 (ukiirudia mara 7 unarudi ulipoanza) inaacha pointi 3 bila kuzisogeza, na simetri hizo ziko kwenye vikundi vidogo 8, kila kimoja na pointi zake 3.

Halafu badilisha mkunjo, weka x⁴ + y⁴ + z⁴ = 0. Determinanti inatoka 1728x²y²z², kwa hiyo pointi ziko kwenye mistari x=0, y=0 na z=0 tu, nne nne, jumla 12, uzito 2 kila moja. Simetri zake ni 96. Jenasi ileile, jumla ileile ya 24, ila mgawanyo tofauti kabisa, so hizi nyuso mbili haziwezi kuwa kitu kimoja na umejionea mwenyewe. Hapo ndo napoipendea.

Kasoro zipo. Kila ukibonyeza inaanza upya, ulichotaja mwanzo haikikumbuki, inabidi uandike kila kitu kwenye kisanduku kimoja. Kuchapa vipeo na mabano kwa kibodi ya simu kunachosha, na hesabu ndefu sana inakatwa. Lakini unaweza kutengeneza linki ya kazi yako ukawatumia wenzako kwenye grupu la WhatsApp wakaiendesha wenyewe.

Nyota 4 kati ya 5. Ukishazoea jaribu PSL(2,8), itatoka 504, hilo ni kundi la simetri za uso wa jenasi 7, ndo unaofuata kufika kikomo cha Hurwitz, jenasi 4, 5 na 6 hazina hata mmoja.